Mimea gani inafaa tangi la samaki la mfano wa Ziwa Tanganyika?

Swali: Habari zenu. Ningependa tangi langu la lita 120 lifanane na ukingo wa Ziwa Tanganyika, lenye mawe, mchanga na majani mabichi, lakini mimea niliyopanda inageuka njano na kuoza kuanzia shinani. Tatizo ni nini?

Jibu: Ndugu, maji ya ziwa hilo ni magumu, yaani yana madini mengi, na pH yake (kipimo cha asidi na alkali, ambapo 7 ni katikati) hukaribia 9, hivyo mimea iliyozoea maji laini hushindwa. Jaribu valisneria, mmea wa majini wenye majani kama utepe, ambayo humea yenyewe ziwani humo, au anubiasi, mmea mwingine wa majini. Shina nene la anubiasi, lile linalotambaa, usilifukie kwa sababu huoza likifunikwa na mchanga. Lifunge kwenye jiwe kwa uzi, nayo mizizi italishika yenyewe.

Jibu: Naafiki. Ukifuga samaki wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, watachimba mchanga na kung'oa valisneria changa, kwa hiyo izungushie kokoto. Taa iwake kwa muda wa saa 8 tu kwa siku, la sivyo mwani utatawala.

Jibu: Kuhusu mpangilio, tazama kazi za Mjapani Takashi Amano (1954–2015), mbunifu wa bustani za mimea ndani ya matangi ya samaki. Mapambo ya plastiki, kwa maoni yangu, yaondoe yote.