Python, C++ na JavaScript: namba inabadilika njiani, nitumie muundo gani?

Wakuu, habari. Python inatuma rekodi za vifaa sehemu mbili: C++ kwa soketi ya TCP, na kivinjari kwa JSON (data iliyoandikwa kama maandishi). Rekodi ina baiti 1 ya aina, kitambulisho cha biti 64, joto la desimali, na thamani ambayo mara ni namba, mara ni maandishi. Nikituma 9007199254740993, kivinjari kinaonyesha 9007199254740992. Kwenye C++ joto linatoka vurugu tupu. Msaada tafadhali.

Kodi_Usiku: Mkuu, hayo ni magonjwa mawili. Namba ya kawaida ya JavaScript ni desimali ya biti 64. Ukivuka 9007199254740991, namba kamili zinaanza kurukwa. JSON haina kosa. Weka kitambulisho ndani ya nukuu, kwani hukijumlishi na chochote. Pia weka allow_nan=False kwenye json.dumps ya Python: bila hiyo huandika NaN (yaani "si namba") bila kulalamika, halafu JSON.parse inaikataa.

mzee_wa_C: Upande wa C++, amri ya Python ya kupanga baiti, struct.pack('<Bqd', ...) inatoa baiti 17. Strakti (kundi la vigeu) ya uint8_t, int64_t na double kwenye mashine nyingi za biti 64 ni baiti 24, kwa sababu kompaila hupachika baiti 7 za kujazia baada ya ile ya kwanza. Ukizimwaga zote humo kwa memcpy (amri ya kunakili baiti) moja, kila kitu kinasogea. Nakili kila sehemu kwenye kigeu chake: baiti 0, kisha 1 hadi 8, kisha 9 hadi 16.

Mtoa mada: Shukrani. Na ile thamani inayobadilika? Pickle, ile ya Python ya kugeuza data kuwa baiti, inafaa?

Kodi_Usiku: Pickle sahau. Ni ya Python, na kuifungua ikitoka kwa usiyemwamini ni kumruhusu aendeshe kodi kwenye mashine yako. Tumia MessagePack (kama JSON, ila kwa baiti), humo kila thamani hubeba alama ya aina yake. Ila JavaScript haitofautishi 25.0 na 25, kwa hiyo ikirudisha jibu, C++ ikubali namba kamili pale inaposubiri desimali.

mzee_wa_C: Mimi ningechukua Protobuf (muundo wa baiti unaotumia skima, yaani maelezo ya aina za data) na oneof yake (thamani moja kati ya aina kadhaa), skima inazuia ubishi. Vyovyote vile, TCP haijui ujumbe unaishia wapi: tanguliza baiti 4 za urefu ('<I'), na recv (amri ya kupokea) ikileta pungufu endelea kusoma hadi zitimie. Urefu uhesabu baada ya encode('utf-8'), yaani maandishi yakishageuzwa kuwa baiti. "30°C" ni herufi 4 lakini baiti 5, na maneno yetu ya Kiswahili hayana alama kama hizo, kwa hiyo kosa litajificha mpaka siku ° itakapopita.