Spicer-Simson alikuwa shujaa au mwoga? Na je, alipigana Ziwa Victoria?

Mwalimu_Nyegezi:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha historia hapa Mwanza. Leo kidato cha tatu wamenibana: mmoja anashikilia kwamba Geoffrey Spicer-Simson, ofisa wa majini wa Kiingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, alileta boti zake Mimi na Toutou hapa Nyanza akauteka mji wetu. Mwingine anadai alikuwa mwoga tu. Nisaidieni kabla ya kipindi cha kesho.

Kamba_Kirumba:
Hapa hakufika, mwalimu. Alikuwa Ziwa Tanganyika. Mwanza ilitekwa Julai 1916 na askari wa Kiingereza waliovushwa na meli za ziwa hili.

Fundi_Mstaafu:
Ni kweli. Mimi nimehudumia injini za meli Mwanza Kusini na Kigoma, huyu bwana nimemsoma sana. Cheo kilimdumaa miaka mingi. Mwaka 1914 manowari ya kikosi chake, Niger, ilizamishwa yeye akiwa nchi kavu. Mwaka 1915 akapewa zile boti mbili: meli hadi Cape Town, treni hadi Fungurume huko Kongo, kisha zikakokotwa na matrekta ya mvuke kupanda milima ya Mitumba. Maji yalipoadimika, wanawake wa vijijini waliyabeba kichwani kulisha maboila. Bila mama zetu hao boti zisingefika, na ningekuwa wewe somo ningeanzia hapo.

Tarehe 26 Desemba 1915 aliikamata Kingani, meli ya Wajerumani, na 9 Februari 1916 akaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Kesho yake Götzen, meli yao kubwa, ikapita mbele ya macho yao, akakataa kuishambulia. Kwa hilo simwiti mwoga. Götzen ilikuwa na mzinga wa milimita 105 uliotolewa kwenye manowari Königsberg. Boti zake zilikuwa za mbao, na vimzinga vidogo tu.

Lawama yake iko Bismarckburg, boma la Wajerumani kando ya ziwa, Kasanga ya leo. Juni 1916 aliiogopa mizinga ya boma akabaki mbali, Wajerumani wakatoroka kwa mitumbwi. Jeshi la nchi kavu lilimkasirikia, na lilikuwa na haki.

Götzen waliizamisha Wajerumani wenyewe Julai 1916, injini wamezipaka grisi nene kwanza. Ndiyo maana ilipoibuliwa 1924 zilifufuka, na 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Ufundi wa namna hiyo nauheshimu.

Mwalimu_Nyegezi:
Shikamoo mzee, ahsante sana. Baadaye alipewa manowari nyingine?

Fundi_Mstaafu:
Marahaba. Hakupewa. Alikuwa katibu mkuu wa shirika la kimataifa la ramani za bahari, Monaco, hadi 1937. Alifariki Kanada 1947.