Rejeta zote za baridi, boila inawaka taa nyekundu: naombeni msaada

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Tangu saa tisa usiku nyumba imepoa kabisa. Rejeta zote, yaani vile vyuma vya ukutani vya kupasha nyumba joto, za ghorofa ya chini na ya juu, ni za baridi, na maji ya moto bombani hakuna. Boila, ule mtambo unaopasha maji ya rejeta na ya bombani, ni ya gesi, imefungwa ukutani jikoni. Inawaka taa nyekundu, na kwenye kioo chake kuna herufi moja na namba. Nimebonyeza kitufe cha kuiwasha upya mara 4. Inanguruma kidogo halafu inazima. Mwenye nyumba hapokei simu. Nina mtoto wa miezi 8. Rafiki yangu amenishauri niwashe jiko la mkaa sebuleni na kuacha dirisha wazi kidogo mpaka fundi apatikane. Huu ni mwaka wangu wa kwanza kwenye baridi, sijui pa kuanzia.

---

Mdogo wangu, mkaa HAPANA. Hata dirisha likiwa wazi. Mkaa unaowaka ndani unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na mtoto mchanga haiwezi kabisa. Kinachotisha ni kwamba dalili zake zinafanana na mafua au uchovu: kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito. Watu wanalala wakidhani wamechoka tu. Usiwashe pia oveni ya gesi ukaacha mlango wake wazi ili kupasha chumba, hatari ni ile ile.

Kwa sasa kaeni chumba kimoja, kile kidogo kuliko vyote. Funga milango, teremsha mapazia, ziba upenyo wa chini ya mlango kwa taulo. Mvalishe mtoto nguo nyepesi kadhaa badala ya blanketi moja zito, na usimfunike uso. Kama una hita ya umeme, ichomeke moja kwa moja ukutani, si kwenye kebo ya kuunganishia, na iwe mbali na nguo na mapazia.

Ukisikia harufu ya gesi, usiguse swichi yoyote. Funga gesi kwenye mita kama unaifikia, fungua madirisha, toka na mtoto, piga namba ya dharura ya gesi ukiwa nje.

Dada yako mkubwa

---

Dada amesema la kwanza. Naongezea ya boila, nimefanya kazi hizi miaka mingi.

Acha kwanza kile kitufe. Boila inapojifunga imeona tatizo na inajilinda. Kuiwasha upya mara moja au mbili inatosha. Ukiendelea kuilazimisha hujatibu chochote, na kama tatizo ni la gesi au la moshi kutotoka vizuri, unajiweka hatarini.

Usifungue kifuniko cha boila. Ndani yake ni kazi ya fundi mwenye leseni ya gesi. Lakini sababu nyingi za kuzima zinaonekana kutoka nje, kwa hiyo naomba uniangalizie haya. Jiko la gesi linawaka? Kama haliwaki, gesi yenyewe haifiki, na kama mita yenu ni ya kulipia kabla huenda salio limeisha. Themostati ya ukutani, ile ya kupangia joto la nyumba, ina betri? Zikiisha, boila inakaa kimya ikidhani hakuna anayetaka joto, ingawa kwako kuna taa nyekundu, kwa hiyo sidhani kama ni hilo. Je, nje kuna barafu? Boila nyingi za kisasa zina bomba jembamba la plastiki linalotoa maji kupeleka nje. Likiganda, maji yanarudi nyuma na boila inajizima. Mara nyingi utasikia sauti ya maji yakibwabwaja ndani. Hilo linamwagiwa maji ya vuguvugu, kamwe si yanayochemka, maana plastiki inapasuka.

La muhimu kuliko yote: chini ya boila au mbele yake kuna geji ya presha, ya mshale au ya namba. Inasoma ngapi? Na herufi na namba za kwenye kioo, zitafute kwenye kitabu cha boila. Kila kampuni ina zake, kwa hiyo usifuate maana ya boila ya jirani.

---

Asanteni sana, nyote wawili. Mkaa nimeuacha, tumejifungia chumbani na mtoto amelala vizuri.

Kaka, jiko linawaka. Nje ni baridi lakini hakuna barafu. Geji inasoma 0.3. Kitabu nimekipata kwenye droo, kinasema ile herufi na namba ya kwenye kioo maana yake ni presha ndogo ya maji. Nikakumbuka jambo: Jumamosi rejeta za ghorofani zilikuwa za moto chini na baridi juu, nikaangalia video nikatoa upepo (hewa iliyonasa ndani) kwa ule ufunguo mdogo wa rejeta. Nilitoa kwenye rejeta 5. Nimeharibu?

---

Hujaharibu, na kutoa upepo ulikuwa sahihi kwa dalili hiyo. Moto chini na baridi juu ni hewa. (Ingekuwa kinyume, baridi chini na moto juu, hilo ni tope la kutu limetuama, na ufunguo ule usingesaidia.) Kilichobaki ni kwamba hewa ikitoka, presha inashuka, kwa hiyo ukimaliza unaongeza maji. Video nyingi zinaishia kwenye ufunguo.

Mfumo ukiwa umepoa, presha inatakiwa iwe kati ya 1 na 1.5. Zima boila. Chini yake tafuta mpira mfupi uliosukwa kwa waya, wenye vali ndogo kila upande. Boila nyingine zina kishikio kimoja tu cha kuvuta, kitabu kitakuonyesha. Hakikisha mpira umekaza pande zote. Fungua vali ya kwanza, kisha ya pili polepole sana, macho kwenye geji. Utasikia maji yakiingia. Ikifika 1.2 funga zote mbili, uzikaze vizuri. Ukisahau hapo presha itapanda, na ikifika 3 vali ya usalama itamwaga maji nje. Halafu washa, bonyeza kitufe mara moja.

Usisahau kumwandikia mwenye nyumba na kumtumia picha ya geji, hata kama itawaka. Simu isiyopokelewa haiachi ushahidi.

---

Imewaka! Nimeweka 1.2, sasa ikiwa na moto inasoma 1.6. Rejeta zote zina joto isipokuwa moja, ya chumba cha mtoto. Mabomba yake chini yana moto upande mmoja tu.

---

Alhamdulillahi. 1.6 ikiwa na moto ni sawa kabisa, maji yakipata joto yanatanuka.

Hiyo moja, angalia kirungu chenye namba ubavuni mwake. Kizungushe hadi namba ya juu kabisa, kisha kifungue kwa mkono kitoke chote. Ndani utaona pini ndogo. Mara nyingi inaganda ikiwa imezama, hasa kama kirungu kilifungwa muda mrefu. Igonge taratibu ubavuni, ibonyeze kwa kitu bapa, inatakiwa ipande yenyewe. Usiivute kwa koleo, ikitoka maji yatakurukia.

Kisha soma geji kila asubuhi kabla ya kuwasha, uandike.

---

Pini imepanda, chumba cha mtoto kina joto. Geji: jana 1.2, leo 1.2.

---

Vizuri. Ikianza kushuka tena bila wewe kutoa upepo, mahali fulani maji yanavuja. Usiwe unajaza kila wiki. Tafuta unyevu chini ya rejeta, kisha muite fundi.

Na nunua kengele ya kaboni monoksidi leo, mdogo wangu. Iweke chumba chenye boila, na ya pili karibu na mnapolala.