Karo ya uzamili wa ushauri nasaha mmepokea; wasimamizi wa mazoezi wako wapi?

Wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira ambayo sioni sababu ya kuificha, na nauelekeza hasa kwa walimu, wauguzi, wachungaji, maafisa wa rasilimali watu na wengine walio kazini ambao wanafikiria kujisajili kwa shahada ya uzamili ya ushauri nasaha hapa Nairobi. Chuo changu sitakitaja, kwa sababu bado nasoma humo na kwa sababu wenzangu wa vyuo vingine wananisimulia yaleyale. Lalamiko langu ni moja: tunatozwa karo kamili ya kozi ambayo sehemu yake iliyo muhimu kuliko zote, yaani mazoezi na wateja chini ya msimamizi, mwanafunzi anaachiwa aitafute mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya upili. Nimesimamia idara ya ushauri na uelekezaji kwa miaka mingi, kazi ambayo walimu wengi tulikabidhiwa bila mafunzo ya maana baada ya serikali kupiga marufuku kiboko mwaka 2001 na ushauri ukatarajiwa kujaza pengo. Nimeketi na wasichana waliopewa mimba na watu wa ukoo wao, na wavulana waliokosa usingizi tangu waone mtu akiuawa mtaani, nami sina cha kuwapa ila huruma. Ndiyo maana nilichukua mkopo wa sako nikarudi shule. Siku ya mahojiano tuliambiwa kwamba kozi imeandaliwa kwa ajili ya watu walio kazini, kwamba masomo yatakuwa jioni na Jumamosi kutwa, na kwamba mazoezi yatapangwa na idara. Ahadi hiyo imo katika kijitabu cha kozi hadi leo.

Masomo ya darasani siyalalamikii. Wahadhiri wa nadharia wanaijua kazi yao, na kwa kweli nimejifunza mengi. Hata sharti la kwamba kila mwanafunzi naye apokee ushauri kwa mshauri mwingine, kwa gharama yake mwenyewe, nalikubali, kwa maana asiyewahi kuketi kwenye kiti cha mteja hawezi kujua ni kizito kiasi gani. Hasira yangu inaanzia mwaka wa pili.

Idara ilitupa barua moja ya utambulisho, ya kila mtu ileile, isiyo na jina la hospitali wala kituo chochote, tukaambiwa twende tukatafute pa kufanyia saa 300 za mazoezi. Hospitali nyingi na vituo vya ushauri hupokea wanafunzi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, muda uleule ambao mwalimu yuko darasani na karani yuko benki. Hao walioandaa kozi kwa ajili ya watu walio kazini walidhani tungekwenda lini? Mwenzetu mmoja, muuguzi, hutoka zamu ya usiku akapanda matatu moja kwa moja hadi kituoni, akaanza kuwasikiliza watu waliofiwa ilhali yeye mwenyewe hajalala. Mwingine ameacha kazi. Vituo vingine navyo vimegundua kwamba hatuna pa kwenda, hivyo vinatudai ada ya kutupokea, juu ya karo ambayo tumekwisha kulipa.

Usimamizi ndio unaonikera zaidi. Kwa wasioijua kazi hii, mshauri aliye mafunzoni hutakiwa kukutana na msimamizi mara kwa mara, amweleze habari za kila mteja aliyemwona, wapitie kikao neno kwa neno, na mwanafunzi aonyeshwe alipoharakisha, alipokatiza kilio cha mtu kwa ushauri wa haraka, au alipokosa kusikia kwamba mteja anafikiria kujiua. Tangu miaka ya 1940, mwanasaikolojia wa Marekani Carl Rogers alipokuwa akirekodi vikao vya ushauri ili visikilizwe na kuchambuliwa, imejulikana kwamba ufundi huu haupatikani kwa kusoma tu. Sasa sikilizeni tunavyosimamiwa sisi. Msimamizi niliyepangiwa alikuwa na wanafunzi wengi kuliko anaoweza kuwakumbuka majina. Muhula ulipokaribia kwisha alituita kwenye maegesho ya chuo, tukapanga foleni, akaweka madaftari yetu juu ya boneti ya gari lake na kutia sahihi ukurasa baada ya ukurasa. Katika daftari langu kila mstari una tarehe, namba ya mteja badala ya jina lake, dakika za kikao na nafasi ndogo ya maoni ya msimamizi. Nafasi ya maoni ilibaki tupu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, lakini sahihi zipo zote. Mmoja wa wateja waliomo katika kurasa hizo alikuwa mama aliyeniambia kwamba ameshaandika barua ya kuwaaga watoto wake. Nilimpigia msimamizi simu siku hiyohiyo na hakupokea. Aliyenisaidia ni muuguzi wa kituo, ambaye chuo hakimlipi hata shilingi moja.

Wanafunzi wengine wameagizwa kurekodi vikao kwa simu na kumtumia msimamizi kwa WhatsApp. Tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, inayohesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, na hapa sauti ya mtu akieleza alivyobakwa inapita katika simu za watu bila yeye kujua itaishia wapi. Idara inayofundisha maadili ya kutunza siri za mteja ndiyo inayoagiza jambo hili.

Najua watakuja wa kusema kwamba sisi ni watu wazima, tujitegemee. Kujitegemea tunakujua, tunalea watoto, tunalipa mikopo na bado tunaandika tasnifu usiku. Lakini mteja aliyeletwa mbele yangu hakuulizwa kama yuko radhi kuhudumiwa na mwanafunzi asiye na mtu wa kumrekebisha. Tangu Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, kazi hii inadai usajili na leseni, kwa kuwa Bunge lilitambua kwamba mshauri mbaya anaumiza. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume cha Katiba. Watu waliokuwa wakipelekwa seli sasa wanapaswa kuletwa kwetu, na mnataka wawakute washauri ambao saa zao zilitiwa sahihi juu ya boneti?

Ninachodai kinawezekana. Chuo kisisajili wanafunzi wengi kuliko nafasi za mazoezi kilizo nazo kwa mkataba wa maandishi na vituo vinavyojulikana. Kifungue kliniki yake ya jioni na Jumamosi, kwa sababu wakazi wa Kayole na Kangemi walio kazini nao hawapati mshauri mchana. Msimamizi alipwe kwa vikao alivyofanya, si kwa sahihi alizotia. Na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, inapotoa ithibati ya kozi hizi, isiishie kuhesabu vitabu vya maktaba. Iombe orodha ya wasimamizi wenye leseni na kuwauliza wanafunzi walionana nao lini.

Barua yangu kwa Tume iko tayari, na nakala yake itakwenda kwa Bodi ya washauri nasaha. Mlio katika kozi kama hii, andikeni hapa chini, bila kutaja jina la mteja wala la mhadhiri, idara yenu iliwapangia mazoezi au mliyatafuta wenyewe, mlilipa kiasi gani juu ya karo, na kama msimamizi amewahi kusikiliza hata kikao kimoja chenu hadi mwisho. Nitayaambatisha majibu yenu.