Multimita inasoma 10.01 V kwenye 10 V: imepita au imeanguka?

Fundi_Vipimo_Tanga

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwenye bajeti ya shaka ya kipimo (orodha ya vyanzo vya shaka na jumla yake), maana hapa maabara tumegawanyika.

Nina multimita ya mkononi ya mteja, ya hesabu 6000 (kioo chake kina hatua kama 6000 kwa kila renji). Nimeilisha 10 V DC kutoka kwenye kalibreta (kifaa kinachotoa volti inayojulikana kwa usahihi). Iko renji ya 60 V, kwa hiyo tarakimu ya mwisho ni 10 mV. Inasoma 10.01, narudia na kurudia, haisogei. Kitabu chake kinaruhusu 0.05% ya usomaji + tarakimu 1, yaani 5 mV + 10 mV = 15 mV. Kosa ni 10 mV, limo ndani.

Ila mteja anataka tamko la kufaulu au kutofaulu, na tumekubaliana naye kutumia ukanda wa tahadhari: kosa ukilijumlisha na U (shaka ya mwisho inayoandikwa kwenye cheti, ya kiwango cha takriban 95%) lisivuke 15 mV. Nusu ya tarakimu ni 5 mV, nagawa kwa √3 napata 2.9 mV. Cheti cha kalibreta kinatoa 0.14 mV kwa k=2 (k ni namba ya kuzidishia shaka ili kupata U), yaani 0.07 mV. Nikijumlisha miraba bado nabaki na 2.9. Mara 2 ni 5.8 mV. 10 + 5.8 = 15.8, imeanguka!

Mwenzangu anasema kwa vile usomaji haubadiliki, shaka ni ile ya kalibreta tu. Nani yuko sahihi?

umeme_mdogo

Mkuu k=2 ndiyo kila cheti kinaandika. Iangushe tu, mteja akinuna anunue mpya 😄

Mzee_wa_Maabara

Usiangushe kifaa cha watu bado, kijana.

Nianze na mwenzako. Usomaji kutobadilika kunaonyesha kuwa kioo hakina uwezo wa kukuonyesha mabadiliko madogo, basi. Ndani ya hiyo 10.01 kuna kitu chochote kati ya 10.005 na 10.015. Ukiitoa hiyo kwenye bajeti utaandika U ya 0.14 mV kwenye mita ambayo haioni chini ya 10 mV. Mkaguzi wa ISO/IEC 17025, kiwango cha umahiri wa maabara, akiiona atakuuliza swali moja tu na utatoka jasho.

Sasa wewe. 2.9 yako ni sahihi. Kosa liko kwenye kuzidisha kwa 2. Hiyo 2 inatoka kwenye mtawanyo wa kawaida, ule wa kengele, na inafaa pale ambapo vyanzo ni vingi na hakuna kinachowameza wenzake. Hapa 2.9 imeimeza 0.07 kabisa, kwa hiyo unachobaki nacho ni mtawanyo wa mstatili, ule ambao kila thamani ndani ya mipaka ina uwezekano sawa. Angalia namba yako mwenyewe: mstatili unaishia 5 mV kila upande, halafu unaniambia U ni 5.8. Umetoka nje ya ukuta wa nyumba.

Kwa mstatili, 95% unaipata kwa k = 1.65. 2.89 × 1.65 = 4.8 mV. 10 + 4.8 = 14.8. Imepita.

Na sikutungii. Waraka wa EA-4/02, mwongozo wa Ulaya wa shaka kwenye ukalibishaji, una mfano wa multimita ya mkononi kwenye 100 V DC, na k yake ni hiyo hiyo 1.65. Ila uiandike kwenye cheti waziwazi, k = 1.65 na mtawanyo wa mstatili, pamoja na kanuni ya uamuzi mliyokubaliana. Ukiacha wazi msomaji atadhani ni 2.

Fundi_Vipimo_Tanga

Shikamoo mzee, nimekuelewa. Ila 14.8 kwenye 15 inanikosesha usingizi. Hakuna njia ya kuona ndani ya hiyo tarakimu?

Mzee_wa_Maabara

Marahaba. Ipo, na haina gharama. Usisimame kwenye 10 V. Anza 9.990 kioo kikiwa 10.00, upandishe kalibreta taratibu, milivolti moja moja, kisha sehemu ya kumi ya milivolti, mpaka kioo kianze kuchezacheza kati ya 10.00 na 10.01. Andika namba ya kalibreta hapo. Mita isiyo na kosa, na inayokadiria tarakimu kwa kawaida (kuipeleka kwenye iliyo karibu zaidi), ingecheza kwenye 10.005. Kama yako inacheza kwenye 9.997, kosa lake halisi ni +8 mV, na nusu tarakimu imetoka kwenye bajeti. Inabaki kalibreta na upana wa huo mchezo.

Kuna mita zinazokata tarakimu badala ya kukadiria; hizo mpaka wake uko 10.010, kwa hiyo soma kitabu kwanza. Na kwenye cheti usimpe mteja 8 mV peke yake. Yeye akiwa juu ya nguzo anaona 10.01.

umeme_mdogo

Kumbe. Na renji ya ohm nako ni hivi hivi?

Mzee_wa_Maabara

Ohm ndogo hapana. Huko nyaya za majaribio zinakuja na upinzani wao, na kila ukichomoa na kuchomeka namba inabadilika. Fungua uzi mwingine, lete na namba zako.