Asili ya neno mortgage: tumfuate Glanvill au Littleton?

Wakili_Tanga: Wakuu, mortgage ni Kifaransa cha zamani: mort ni mfu, gage ni rehani. Rehani mfu. Ila kwa nini mfu? Kitabu cha Kilatini kinachohusishwa na Glanvill, jaji mkuu wa mfalme wa Uingereza, cha miaka ya 1187 hadi 1189, kina sababu yake. Littleton, jaji wa Uingereza wa karne ya 15, ana nyingine: mdaiwa asipolipa siku waliyokubaliana, ardhi imemfia, akilipa, rehani imemfia mkopeshaji. Mnashika lipi?

BintiMvita: Glanvill, bila kusita. Mtu amekopa pauni 20, mkopeshaji anakaa kwenye shamba na kuvuna. Ikiwa ni rehani hai, vivum vadium, mavuno yanapunguza deni msimu hadi msimu. Ikiwa mfu, mkopeshaji anakula mavuno yote na zile pauni 20 ziko palepale! Shamba halimsaidii mdaiwa hata senti. Glanvill mwenyewe aliihesabu kuwa aina ya riba: mahakama ya mfalme haikuikataza, lakini mkopeshaji akifa akiwa nayo, mali yake ilishughulikiwa kama ya mla riba.

mzee_wa_kesi: Littleton msimtupe. Zama zake mkopeshaji alishakuwa anapewa umiliki kabisa, kwa sharti kwamba akilipwa kwa wakati arudishe. Mavuno hayakuwa tena kiini cha mambo. Kilichoogopwa ni ile siku. Coke, jaji mwingine wa Uingereza, akayafafanua maelezo yake mwaka 1628, na wanafunzi wa sheria wakaendelea nayo.

Nasra_K: Nyongeza kuhusu gage. Mort inatoka Kilatini mortuus, sawa. Lakini vadium, yaani rehani, iliingia Kilatini cha zama za kati kutoka lugha za Kijerumani, ndiyo Wafaransa wakapata gage. Wage ya Kiingereza, yaani mshahara, ni ya ukoo huohuo.

Wakili_Tanga: Asante Nasra, hilo sikulijua. Basi kwa asili ya neno nampa Glanvill: ametangulia kwa zaidi ya miaka 250, na anatuonyesha rehani hai iliyosimama upande wa pili. Littleton anaeleza desturi ya wakati wake.

BintiMvita: Na desturi hiyo nayo ililegezwa. Kufikia karne ya 17 mahakama ya Chansela, iliyoamua kwa haki na usawa kuliko kwa ukali wa sheria, ilimruhusu mdaiwa kukomboa ardhi hata siku ikishapita.

mzee_wa_kesi: Kwetu Tanzania, Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema rehani ni dhamana tu, haihamishi umiliki. Mteja akiuliza kama nyumba imeshakuwa ya benki, mjibuni hivyo.