Sensi ya mausi (kasi yake ndani ya gemu): wa Malindi na Lamu, tupeane uzoefu

Kijana wa Barani: Jana saiba nimemwona dogo akigusa mausi kidogo tu, bunduki inaruka kutoka sakafuni hadi darini. Yamenijia ya zamani. Nyinyi sensi zenu mlizipataje? Gemu ya risasi yoyote, Counter-Strike 2 (CS2), Valorant. Mimi 800 DPI, ile kasi ya mausi yenyewe, sensi 1. Kugeuka mzunguko mzima nataka sentimita 52 hivi za meza.

Mwana wa Langoni: 52 utazitoa wapi, kaka? Saiba za Lamu tunakaa bega kwa bega. Mimi 1600 kwa sensi hiyohiyo, nusu ya nafasi yako, nazungusha kifundo cha mkono tu.

Kijana wa Barani: Ndiyo maana risasi zinapita juu ya vichwa.

Mwana wa Langoni: Panga siku tucheze, maneno tuache.

Ami Shella: Hamjaona nyinyi. Mimi fainali, Malindi, raundi ya kuamua. Nimebaki mimi na mmoja wao, bomu lishategwa. Kabla tu ya raundi ile stima ilipotea ikarudi. Mausi za pale za bei rahisi, hazina kumbukumbu, umeme ukikatika DPI inarudi ya kiwandani. Yangu ikatoka 800 ikawa 1600. Nasikia hatua zake mlangoni, nageuka robo mzunguko vile mkono ulivyozoea, najikuta natazama ukuta wa nyuma! Navuta kurudi, napitiliza tena. Kichwa chake nakiona kabisa pembeni mwa skrini. Wallahi mpaka leo inaniuma. Mwenye saiba nilipomlalamikia akanambia niende nyumbani.

Jirani Maweni: Pole ami. Bomu je?

Ami Shella: Lililipuka. Mimi ndiye niliyekuwa wa kutegua.

Jirani Maweni: Yallah!

Binti Mkomani: Jamani kile kitufe nyuma ya gurudumu! Stima ikirudi kibonyezeni mpaka DPI yako irudi. Na ule uharakishaji wa mausi kwenye Windows, unaofanya kishale kiende mbali zaidi ukisukuma kwa kasi, zimeni.

Kijana wa Barani: CS2 inasoma mausi moja kwa moja, Windows haihusiki.

Binti Mkomani: Si gemu zote. Zima tu.

Mwana wa Langoni: Sensi badilisha kila wiki mpaka mkono ukubali.

Jirani Maweni: Msimsikize. Chagua moja, kaa nayo mwezi, hata ukipigwa kila siku.

Dogo Shela: Natoka CS2 naenda Valorant, niweke ngapi?

Kijana wa Barani: DPI usiguse. Sensi gawa kwa 3.18. 1 inakuwa 0.314.

Mwana wa Langoni: Mimi niliweka 0.5 bila kugawa chochote, na vichwa naangusha.